Taa ya Birika

Miezi saba gari hili lilinisalimia kwa Kijapani.
Sauti ya mwanamke, laini, ya mtu aliyelala vizuri.
Nami kila alfajiri, keki zimefungwa kiti cha nyuma,
nilimwitikia: Marahaba, mwenzangu, twende.

Msellem aliyeniuzia, pale Tononoka, aliapa
kwa kaburi la mamake. Baadaye nikajua mamake yuhai,
anauza achari Mwembe Tayari.
"Tazama dashibodi," alisema. "Safi. Haina hata taa moja."
Nikatazama. Kweli, giza tupu,
na giza lile nikalidhania ni afya.

Kwanza kilikuja kichwa. Kila foleni ya daraja la Nyali
kichwa kikinigonga kama mtu atwangaye kisamvu.
Halafu gari likaanza kukohoa likitoka Buxton.
Jirani yangu Bi Mwanasha akaanua kanga zake zina masizi,
asiseme neno,
akazianika upya upande wa pili wa ua.

Mpaka keki ya harusi, ghorofa tatu, ikarudishwa kutoka Kizingo
na ujumbe wa maneno mawili: Inanuka petroli.

Shimanzi, nyuma ya matangi ya mafuta, fundi Chiriba
hakufungua boneti. Aliketi kwenye kiti changu,
akazungusha ufunguo nusu, akangoja.
Taa ya betri ikawaka. Ya oili ikawaka. Ya mkanda.
"Na birika liko wapi?"
"Birika gani?"
Akanichorea kwa kidole penye vumbi la kioo
kitu kama birika lililochongwa na mtoto, mkono umekatika.
"Hii ndiyo injini. Ukizungusha ufunguo lazima itokee,
ikwambie niko macho. Ukishawasha, izime.
Isipotokea kabisa, mama, hapo uogope."

Akaing'oa dashibodi kwa bisibisi, na nyuma ya kioo
tukakuta utepe mweusi, mdogo kama ukucha,
umebandikwa kwa makini, kwa mkono usiotetemeka.

Wahenga walituambia tuzibe ufa.
Msellem kaziba taa.

Chini, bomba la moshi lilikuwa na makovu mawili ya kuchomelea.
Palipokuwa na sega, lile la kusafishia moshi,
palitiwa kipande cha bomba kitupu, tena kimepasuka,
pumzi yake ikipanda hadi kiti cha nyuma, kwenye krimu yangu.
"Koili moja ilikufa zamani," alisema Chiriba.
"Petroli ikapita mbichi, ikaenda kulichoma sega.
Taa ilipepesa, bila shaka. Ikipepesa unasimama papo hapo.
Ikiwaka imetulia, waweza kufika kwa fundi.
Yeye hakusimama wala hakufika."
Na sega lenyewe?
"Lina madini ndani. Hilo huuzwa kwa mizani."

Nililipa. Ngapi, sisemi. Oda sita za harusi,
na bangili moja ambayo mpaka leo naitafuta mkononi nikinawa.

Kijana wake Tsuma, anayejifunza Kijapani kwenye simu,
alicheka hadi akakaa chini aliposikia marahaba yangu.
"Hakusalimii, mama. Anasema kadi ya kulipia barabara haijachomekwa."
Barabara ya wapi?
"Ya kwao."

Basi miezi saba gari limenililia lisilonihusu,
na lililonihusu limetiwa utepe mdomoni.

Juma lililopita nilinunua achari ya embe kwa mamake Msellem.
Kali, nzuri. Sikumwambia kitu.

Sasa alfajiri nazungusha ufunguo nusu, nangoja.
Birika latokea, rangi ya kiini cha yai la kienyeji.
Nahesabu tatu. Nawasha. Lazima.
Kanga za Bi Mwanasha zimerudi upande wetu.
Yule mwanamke anasema lake,
nami namjibu: Kadi sina.
Kiti cha nyuma, vanila tupu.